Boliti ya Nne

Nimeacha ufundi wa magari tangu goti langu la kulia lilipogoma. Nilikuwa chini ya lori, kazi imekwisha, nataka kutoka, goti likasema hapana. Ikabidi vijana wanivute kwa miguu kama gunia la mahindi. Nikafuta mikono, nikawagawia spana zangu, nikaenda nyumbani. Sasa vijana hao hao wananiomba niwaandikie ninayoyajua, kwa sababu, wanasema, nikieleza kwa mdomo nafoka. Ni kweli nafoka. Nitafoka hapa pia, ila karatasi haiwezi kuniacha nikiongea ikaenda kunywa chai.

Sitaeleza nilivyopanda kazini. Gerejini hupandi, unazeeka tu. Nitaeleza juu ya boliti za mkono wa chini wa pikapu, kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele kwenye chesisi, na hasa juu ya boliti moja iliyoua mtu hapa Machakos mwishoni mwa miaka ya tisini, halafu ikabaki kidogo imfunge gerezani mtu asiye na kosa. Hasira ya siku zile bado ninayo. Kanisani wameniombea, mke wangu amenisihi, haijatoka. Mwenye kutaka maneno ya mzee aliyetulia aende akaombe kwa mzee mwingine.

Nilianza kwa Mzee Ndolo, mjini, kwenye kiwanja chenye paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na mbwa aliyechukia kila mtu isipokuwa wezi. Tulianza wiki moja watu wawili, mimi na Kyalo. Kyalo alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani hasira hii ni wivu wa fundi mbovu. Gari likipita barabarani yeye alisikia tu akasema ni vali ipi imelegea. Mimi nilihitaji kufungua injini nzima, na bado niliweza kukosea.

Siku ya kwanza Mzee Ndolo alinipa nyundo nzito. Yeye akalala chini ya gari, akashika panchi, ule msumari mnene wa chuma unaowekwa kwenye ncha ya boliti ili uisukume nje, akaniambia nipige.

"Mzee, nikikosa nitakuvunja mkono," nikasema.

"Basi usikose."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya gereji yake. Mahali pengine pote mkubwa hupiga na mdogo hushika, na ndiyo maana mafundi wengi wana vidole vilivyopinda tangu ujana. Kwa Mzee Ndolo mkubwa alishika. Alisema mtu anayepiga nyundo huku mwalimu wake akiwa ameshika hawezi kupiga kwa hasira. Nilipiga siku ile jasho likinitoka hadi kwenye viatu, polepole, nikilenga kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Boliti ilitoka. Mzee Ndolo akachungulia akasema, "Ni sawa. Sasa ingine." Sikupata sifa nyingine mwaka ule.

Mimi na Kyalo tulipokomaa tukawa tunashikiana zamu kwa zamu. Kidole gumba chake kina kovu langu na changu kina lake. Hakuna mtu niliyemwamini na mkono wangu kama yule.

Desturi ya pili ilikuwa ya kurudisha chuma. Kila boliti kuukuu, kila bushi iliyochakaa, Mzee Ndolo aliifunga kwenye gazeti kwa kamba ya mkonge na kumpa mwenye gari wakati wa kuondoka. "Chuma yako hii," angesema. "Uone yenye tulitoa." Wateja wengine walicheka, wengine walitupa njiani. Wakulima hawakutupa hata siku moja. Mkulima wa Ukambani hatupi chuma, atapata tu kitu cha kuzuia au kuponda nacho. Kyalo alipoichukua gereji, mzee alipozeeka na kwenda kukaa kwa bintiye, aliendelea kufunga chuma kuukuu kwenye gazeti vile vile. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Sasa sikilizeni kuhusu boliti zenyewe, kwa maana nimewaona mkizipiga kama nyoka aliyeingia nyumbani.

Mkono wa chini unashikwa kwenye chesisi na boliti mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila moja inapita ndani ya bushi, ambayo ni mpira wenye bomba la chuma katikati. Barabara zetu mnazijua. Gari linavuka mto wa mchanga, maji yanaingia kwenye lile bomba, vumbi jekundu linafuata, na baada ya miaka michache boliti na bomba vimeoana. Unafungua nati, nati inatoka vizuri, unafurahi, halafu boliti haisogei. Ukiizungusha inazunguka pamoja na bomba, mpira unalia, na wewe unaanza kutukana.

Kabla hujatukana, weka jeki chini ya mkono wenyewe. Hilo watu hawalifanyi. Boliti nyingi mnazosema zimekataa hazijakataa, zimelaliwa. Mzee Ndolo aliwahi kunikuta nikitwanga boliti ya pikapu ya mwalimu mmoja mpaka kichwa kikawa kama uyoga. Akaniuliza, "Wewe ukibebeshwa gunia ya simiti, halafu mtu akwambie toka haraka kwa huu mlango mdogo, utatoka?" Akapandisha jeki kidogo, tundu zikaangaliana, akaigusa boliti kwa panchi ikasogea. Nilimchukia kwa muda mfupi.

Halafu brashi ya waya, utoe uchafu wote kwenye nyuzi. Halafu mafuta. Sisi tulichanganya mafuta ya taa na oili ya gia, tukamimina, tukaenda kufanya kazi nyingine. Usisimame hapo ukiitazama. Ukirudi, jaribu kwanza kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ile kutu ikatike. Boliti zenye kichwa cha yai, zinazopanga magurudumu yaangalie wapi, ziwekee alama kwa tindo kabla ya kufungua, la sivyo gari litarudi linatembea upande kama kaa. Na wakati wa kufunga mpya, msizikaze kabisa gari likiwa limeninginia juu. Lishusheni likae kwa uzito wake, ndipo mkaze. Ukikaza likiwa juu, mpira unajisokota siku ya kwanza na kuchanika kabla ya mavuno.

Gesi ya kukatia ni ya mwisho. Ukikata, umekubali kwamba boliti ile imekufa, na unaweka mpya. Hakuna njia ya tatu. Nitarudia kwa sababu kuna mtu anasoma hii huku anafikiria njia ya tatu: hakuna.

Pikapu iliyoniletea hasira hii ilikuwa ya chama cha wakulima cha Kalama. Dereva wake aliitwa Mutiso, mtu wa polepole mpaka wanawake wa sokoni walimcheka kwamba mbuzi wa Kalama hufika Machakos kabla yake. Aliileta Jumatano. Mikono yote miwili ya chini ilikuwa imekwisha, magurudumu yanayumba. Mikono mipya chama kilikuwa kimeshanunua. Boliti nne zilitakiwa mpya pia, na duka la vipuri mjini lilikuwa nazo tatu tu. Ya nne ingetoka Nairobi, ifike Ijumaa.

Nilifanya kazi ile mwenyewe. Boliti mbili za kulia zilitoka siku ile ile. Ya mbele kushoto ilinisumbua mpaka jioni, nayo ikatoka, ikiwa na alama za nyundo yangu kwenye ncha. Ya nyuma kushoto haikusogea. Nikaimwagia mafuta, nikaiacha ilale hivyo. Sikuwa na haraka nayo kwa sababu hata ingetoka, mwenzake wa kuingia alikuwa bado Nairobi.

Alhamisi asubuhi Kyalo alinituma Mlolongo. Lori la mteja wetu lilikuwa limekwama karibu na mizani, springi imevunjika, na dereva analala ndani yake. Nilikaa huko siku nzima nikila vumbi la machimbo ya mawe. Niliporudi Ijumaa pikapu ya chama haikuwepo.

"Ile boliti ilitoka?" nikamuuliza Kyalo.

"Ilitoka."

"Na mpya?"

"Nilipata. Enda uangalie hiyo Peugeot, mwenyewe anakaa akipiga simu."

Nikaenda kuangalia Peugeot. Kwa nini nisiende? Mtu niliyekuwa nikimpa mkono wangu aushike chini ya nyundo ameniambia amepata boliti. Ningemwomba risiti?

Wiki kadhaa zikapita. Jumatatu moja, siku ya soko, Mutiso alikuwa akiteremka kutoka Kalama na mizigo ya watu nyuma, na juu ya magunia ya ndengu amekaa mwanamke mmoja, Mwikali, aliyekuwa akiuza sokoni kila wiki. Kwenye mteremko gurudumu la mbele kushoto lilijikunja kuingia chini ya gari. Pikapu ikaacha barabara ikalala kwenye mfereji. Mutiso alitoka na jeraha la kichwa. Mwikali alitupwa mbele, magunia yakamfuata. Alifariki hapo hapo barabarani, kabla hajapatikana gari la kumpeleka hospitali.

Mutiso alikamatwa akiwa bado na damu shatini. Akaambiwa atashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo. Ndugu walimtoa kwa dhamana. Polisi walikuja gerejini kwetu kuuliza, kwa kuwa sisi ndio tuliotengeneza gari mwisho, na Kyalo akawaambia, mimi nikiwa nimesimama pale na spana mkononi, kwamba boliti zote nne zilikuwa mpya. "Hawa madereva wakiona mteremko wanaachilia gari," akasema. "Atakuwa aligonga jiwe. Ajali ni kazi ya Mungu." Nilisikia maneno yale kuhusu Mutiso, mtu aliyepitwa na mbuzi, yakaniwasha. Lakini bado nilimwamini Kyalo kuhusu boliti. Nilidhani anamsingizia Mutiso mwendo tu, kwa woga.

Jumapili iliyofuata mke wa Mutiso, Mama Mumo, alifika nyumbani kwangu na kiondo. Hakutaka kuketi.

"Baba Mwende, mimi sijui magari," akasema. "Lakini bwanangu amenituma nikuulize. Wakati mlitengeneza ile gari, zile boliti za zamani zilikuwa zirudishwe ngapi?"

"Nne."

Akatoa kwenye kiondo kifurushi cha gazeti akakifungua juu ya meza. Zilikuwa tatu.

"Alipewa tatu. Aliuliza Kyalo, Kyalo akamwambia ingine ilipotea kwa mchanga. Mutiso akacheka tu, akaleta nyumbani. Moja nimekuwa nikizuia nayo mlango ya jiko." Akanyamaza kidogo. "Ile ingine iko wapi, Baba Mwende?"

Nilizishika moja moja. Zote tatu nilizitoa mimi. Ile ya mbele kushoto ilikuwa na alama za nyundo yangu. Ya nyuma kushoto, ile niliyoiacha ikinywa mafuta, haikuwamo, na upande huo ndio gurudumu lilipojikunja. Boliti haipotei mchangani gerejini kwetu. Mzee Ndolo alitulea tukifagia mchanga ule kila jioni tukitafuta hata wosha. Kyalo hakuirudisha kwa sababu ilikuwa bado ndani ya gari. Na kama ilikuwa bado ndani ya gari, na mimi niliiacha imekataa, basi niliijua njia aliyoipita, ile ya tatu. Nilipiga meza yangu mwenyewe ngumi mpaka boliti zikaruka, mama wa watu akadhani nimeugua.

"Usitupe hizi," nikamwambia. "Na usimwambie mtu."

Asubuhi nilimkuta Kyalo akinywa chai juu ya jiwe la kusagia patasi. Nikamuuliza mara moja: ulikata kwa gesi ukaunga?

Hakukana. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba hakuona haya hata ya kukana. "Musyoka, wacha hiyo maneno," akasema. "Nilichomelea vizuri, nikasaga ikawa smooth. Hata wewe ungeona ungesema ni mpya. Mama amekufa, wewe utamfufua?"

"Mutiso anaenda jela."

"Atapata wakili. Musyoka, si tumeshikiana panchi mimi na wewe? Miaka yote hiyo?"

Angesema kitu kingine chochote pengine ningebaki nikagombana naye mpaka jioni. Aliposema panchi nilivua ovaroli nikaiweka juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania vyuma, nikachukua sanduku la vifaa vyangu, nikatoka. Mtu asiyejua akikosea, unamfundisha. Huyu alikuwa amefundishwa na mwalimu yule yule, siku zile zile, kwenye shimo lile lile. Alijua kwamba boliti ile ndiyo inayoshika gurudumu. Alijua na akasaga ikawa laini ili mwingine asijue.

Mkaguzi wa magari alipangiwa kuja kituo cha polisi siku mbili baadaye. Nilienda uani mapema na sanduku langu. Pikapu ilikuwa imelala kwenye majani, gurudumu limekunjwa kama mguu wa kuku. Mutiso alikuwepo na mkewe, na bendeji kichwani. Kando yao, mbali kidogo, alisimama Nzioka, mume wa marehemu, aliyekuwa mlinzi wa stoo ya chama. Hakuwa akimsalimia Mutiso. Alikuwa amekuja, alimwambia kila mtu, kuona muuaji wa mke wake akiandikiwa. Na Kyalo alikuwepo, ameitwa kama mtengenezaji wa mwisho, na alikuwa amekuja na mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni.

Mkaguzi alikuwa mtu makini wa miwani, asiyependa kelele. Alilala chini ya pikapu bila kuogopa nguo zake, akatoka, akasema, "Boliti ya nyuma imekatika. Upande wa kichwa umeanguka, hauko. Upande wa nati bado umekwama ndani ya bushi. Swali ni moja: ilikatika ndiyo gari ikaanguka, au gari ilianguka ndiyo ikakatika. Lazima nione pahali ilikatikia."

"Afande, nikate na gesi," Kyalo akasema, tayari anafungua mpira wa gesi. "Dakika kumi tu."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno yote, na mengine hayaandikiki. Kiini chake kilikuwa kwamba moto ukifika pale, uso wa mkatiko utayeyuka, na mkaguzi ataona kilichoyeyuka leo asijue kilichoyeyuka zamani. Nikazitoa zile boliti tatu kwenye gazeti, nikaeleza desturi ya kurudisha chuma, nikasema ya nne ni hiyo iliyo ndani. Mkaguzi aliziangalia, akamwangalia Kyalo, akaangalia mitungi.

"Wewe unaweza kuitoa bila moto?" akaniuliza.

"Naweza."

"Na ikikushinda?"

"Basi mtakata. Lakini nipe muda."

"Muda niko nao," akasema, akaketi juu ya gurudumu kuukuu.

Nilisugua, nikamwaga mafuta, nikaweka jeki chini ya mkono, nikaupandisha kidogo kidogo mpaka tundu zikakaribia kuangaliana. Nilikaza nati nukta moja, ikalia, nikailegeza, ikatoka. Kisha nikaweka panchi kwenye ncha ya kile kipande ili nikisukume kitokee upande wa pili. Kuweka panchi, kushika taa na kupiga nyundo mle ndani haviwezi kufanywa na mtu mmoja. Nilihitaji mtu wa kushika. Mutiso akajongea, lakini mkaguzi akamrudisha, mshtakiwa asiguse. Kyalo alitazama kando.

"Nitashika mimi," Nzioka akasema.

"Ndugu yangu, nikikosa—"

"Nitashika mimi. Nyinyi wote sikuamini. Nataka nione na macho yangu."

Akalala chini ya gari lililomuua mkewe, akashika panchi kwa mikono yote miwili. Nikapiga. Nilikuwa na hasira ya kuvunja chesisi nzima, na nilipiga kama siku ile ya kwanza, polepole, nikilenga. Hakikusogea. Nikaongeza mafuta, tukangoja, nikapandisha jeki unywele mmoja. Kyalo akasema, "Afande, huyu anapoteza wakati yako." Nikapiga tena. Mara ya pili ya kungoja, sauti ikabadilika. Kila fundi anaijua sauti hiyo, pigo linaacha kurudi mkononi. "Imeenda," Nzioka akasema. Tukaisukuma mpaka ikaanguka kwenye kiganja chake upande wa pili.

Alitoka nayo nje kwenye jua, mkaguzi akaja, na wote tukaiona. Chomeo lilikuwa limeshika ukingoni tu, pete nyembamba iliyong'aa pale ilipokatika siku ya ajali. Katikati yote ilikuwa nyeusi, chuma kilichokatwa na gesi na hakikuwahi kushikana na kitu. Pembeni kulikuwa na mistari ya jiwe la kusagia. Boliti nzima ilikuwa imeshikwa na kitu kisichozidi unene wa ganda la yai, na juu yake walipanda watu.

"Hii imeungwa," mkaguzi akasema. "Ilikatika yenyewe." Akageuka kuandika.

Nitawaambia yaliyofuata ili msibaki mkiuliza. Mashtaka ya Mutiso yalifutwa. Hakuendesha gari tena. Alikwenda kulima, na nadhani bado analima. Kyalo alishtakiwa, akatozwa faini, gereji ikafungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa kwa rangi mpya na jina jipya, na watu wakampelekea magari kwa sababu ana mikono mizuri. Hunipungia mkono mjini. Mimi simpungii. Mnaosema nimsamehe, mnasema kwa sababu hamkuwa uani siku ile.

Maana Mama Mumo alikuwa ameanza kulia, Mutiso ameketi chini kwenye majani, na Nzioka hakuwaangalia. Alikuwa bado amekishika kile kipande. Alimwendea Kyalo na kusimama mbele yake, na alipouliza hakupaza sauti.

"Kwa nini hukuweka mpya?"

"Haikuwa Machakos," Kyalo akasema.

"Ilikuwa wapi?"

"Nairobi."

"Ingekuja lini?"

Kyalo alijilamba midomo. "Kesho yake. Ijumaa. Lakini chama walikuwa wanataka gari haraka, si unajua watu ya chama..."

"Mimi ndio mlinzi wa chama," Nzioka akasema. "Hiyo gari ililetwa Alhamisi jioni, mimi ndio nilifungua stoo, mimi ndio nilifunga. Ijumaa haikutoka. Jumamosi haikutoka. Jumapili nilikalia bampa yake nikikula chakula Mwikali aliniletea. Ilitoka mara ya kwanza Jumatatu, siku ya soko." Akakiinua kile kipande mpaka usawa wa macho ya Kyalo. "Sasa niambie. Ulikuwa unaiharakisha iende wapi?"

Kyalo alizungusha mpira wa gesi kwenye mitungi, akashika mkokoteni wake, akaanza kuusukuma kuelekea langoni.